Mama Huenda na Tundu la Ukuta wa Mashariki

Wageni walimwita Mama Huenda, na yeye hakuchukia. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikoishia. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwatembeza watu ndani ya lile jengo kubwa la mawe lililoko juu ya kilima, jengo ambalo hakuna ajuaye lilijengwa na nani wala kwa kazi gani. Huenda lilikuwa kaburi la mfalme, alisema. Huenda lilikuwa ghala la nafaka, maana kuta nene namna hii huzuia joto na wezi kwa pamoja. Huenda lilikuwa hekalu. Huenda lilikuwa ngome, ingawa milango yake ni mipana kiasi kwamba hata adui mnene angepita bila kukunja mabega. Mgeni akimbana ataje moja tu, alimjibu, "Ndugu yangu, nimekaa na mama mkwe nyumba moja miaka kumi na miwili, na mpaka anazikwa sikujua alitaka nini. Sembuse hawa."

Wataalamu aliwaona wakija na kuondoka. Mzee wa kaburi alichimba miezi mitatu akapata mfupa wa mbuzi. Bibi wa ghala alipata punje za nafaka zilizoungua, akafurahi kama aliyejifungua, mpaka mzee wa kaburi alipomkumbusha kwamba hata walinzi wa makaburi hula. Walibishana kwenye chumba cha chai hadi chai ikapoa, halafu wakabishana nani aipashe moto. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru hapa alikuwa Mama Huenda, kwa kuwa kila nadharia mpya ilimpa maneno ya robo saa zaidi.

Lakini mtu aliyemfundisha kulitazama jengo lile hakuwa mtaalamu. Alikuwa baba yake, fundi mwashi.

Binti alikuwa na miaka minane mvua kubwa ilipoufanya ukuta wa mashariki uvimbe, ukafunguka, ukaanza kumwaga mawe. Mafundi waliajiriwa kuubomoa sehemu ya juu na kuujenga upya. Kazi hiyo ina adabu yake. Kabla jiwe halijaondolewa huandikwa namba kwa rangi nyekundu, msimamizi huinakili kitabuni, na siku ya kurudisha kila jiwe hurudi palepale lilipotoka. "Jiwe la mia mbili na nne haliwezi kwenda kukaa na la mia tatu," baba yake alikuwa akisema, "hata kama yanapendana." Wataalamu wa wakati ule walipomuuliza naye anadhani jengo lilikuwa la nini, alijifuta mikono akasema hajui. Anachojua ni kwamba aliyejenga upande huu alitumia mkono wa kushoto, na mwenzake wa pembeni alikuwa mvivu. Aliwaonyesha vijiwe vilivyoshindiliwa kwenye nafasi ambazo fundi wa maana angechonga jiwe likakaa sawasawa. Wakacheka, lakini mmoja wao aliandika.

Mwaka huohuo mama yake alifariki. Aliumwa wiki mbili, na wiki ya tatu nyumba ilikuwa na watu wawili tu, mwashi na binti yake, na sufuria ambazo hakuna kati yao aliyezijulia vizuri. Mama Huenda aliikumbuka miaka ile kwa uchungu na kwa hamu, vyote viwili. Alikumbuka harufu ya chokaa mbichi kwenye shati la baba, mwiko ukigonga jiwe, na ugali uliokuwa na mabonge ambao wote wawili walijidai ni mtamu. Mara nyingi, akiwa kazini na wageni wametulia kupiga picha, alitamani kusikia mwiko ule mara moja tu.

Jumapili moja baba alimpeleka kilimani mafundi wakiwa hawapo. Akamwonyesha juu kabisa ya ukuta mpya tundu dogo, kiasi cha mlango wa banda la kuku.

"Hilo nimeliacha mimi," alisema. "Nikiwa kwenye jukwaa nakuona ukitoka getini shuleni mpaka unafika nyumbani. Usimwambie mtu. Msimamizi akijua, kibarua kitaota nyasi."

Mawe saba yaliyopaswa kukaa pale aliyabeba nyumbani moja moja, ndani ya mfuko wa zana.

Tangu siku ile mtoto alitoka getini, akanyoosha kola, akaupungia mkono ukuta wa kilimani. Wenzake walimcheka na kumuuliza kama ana mchumba kule juu. Hakujali. Hakupigana njiani, hakuzurura, hakuokota maembe ya watu. Baba, ambaye baada ya ujenzi alibaki pale kama fundi wa matengenezo, alikuwa akimwambia jioni, "Leo ulichelewa kidogo," na yeye akaamini kabisa kwamba ameonekana. Alifanya hivyo miaka saba. Hakuwa na mama, lakini alikuwa na mtu anayemtazama, na hilo ndilo lililomvusha.

Baba alikufa, msimamizi alikufa, kitabu cha namba kililiwa na mchwa. Tundu likabaki.

Halafu akaja Daktari. Alikuwa mtaalamu kijana wa mambo ya kale, mpole, aliyemwita Mama na kumbebea kikapu bila kuombwa. Kwa miaka minne alipima na kukokotoa, akagundua kwamba siku za mwanzo wa msimu wa kupanda mwali wa jua hupita kwenye tundu la mashariki na kuangukia jiwe kubwa la katikati ya uwanja. Basi jengo lilikuwa kalenda, na tundu lilikuwa Dirisha la Jua. Wakubwa wake walikubali. Kibao kilishachorwa, cha buluu, kirefu kuliko mtu, kisimikwe Jumamosi.

Jumanne alimletea Mama Huenda karatasi ya maelezo mapya. Mama Huenda alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu.

"Mama, sasa ile huenda tuiache," Daktari alisema kwa furaha. "Safari hii tuna hakika."

Neno hilo lilimchoma. Miaka yote hiyo alikuwa amesema ya watu bila kudanganya, kwa sababu ya kale kaneno kadogo kalikotangulia. Sasa awaambie watoto wa shule kwamba ana hakika, juu ya jambo ambalo ndilo pekee alilolijua kuwa si kweli? Lakini akisema, sheria ya kazi ni ileile: kilichoongezwa huondolewa, kilichoondolewa hurudishwa. Tundu litazibwa. Jicho la baba yake litafumbwa, na yeye ndiye atakayekuwa amelifumba.

Alhamisi alimwita Daktari nyumbani kwake, akamwongoza nyuma ya jiko. Pipa la maji lilikuwa limekalia mawe saba. Akamwomba ainame. Kwenye ubavu wa kila jiwe, kwa rangi nyekundu iliyofifia, zilikuwepo namba zinazofuatana.

"Baba yangu ndiye aliyeliacha," alisema. "Ili anione nikitoka shule."

"Lakini jua linapita, Mama. Nimelipima."

"Tundu lolote likitazama mashariki jua litapita, mwanangu. Hata la banda langu la kuku."

Daktari alikaa kizingitini, akaomba maji, akanywa vikombe viwili.

"Miaka minne," alisema.

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Lilikuwa langu. Sikuwa na kingine chake."

Daktari aliinama tena, akazisoma namba moja moja. Mwishowe alisema afadhali aibu ya nyuma ya jiko kuliko ya kitabuni, na kwamba kibao atakizuia yeye mwenyewe. Akasema pia alichojua Mama Huenda kwamba atakisema: mawe lazima yarudi. Mama Huenda aliomba jambo moja tu, apande atazame kupitia tundu kabla halijazibwa, kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameliona kwa chini. Wakati wa ujenzi watoto hawakuruhusiwa jukwaani, na baadaye ilibaki ngazi ya matengenezo tu, ambayo baba peke yake aliipanda.

Wiki iliyofuata mafundi walifunga jukwaa la mabomba. Alipanda asubuhi, ngazi kwa ngazi, magoti yakilalamika, fundi akimshika kiwiko na kumwambia, "Taratibu, bibi, ukuta haukimbii." Alipofika alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaweka shavu kwenye jiwe alipojua baba aliweka la kwake.

Aliitafuta shule. Alijua iko kushoto, nyuma ya ule mwamba mkubwa. Alijipinda, akajaribu kwa jicho la pili, akapiga magoti. Ukuta ulikuwa mnene na tundu lilikuwa jembamba. Lilionyesha mahali pamoja tu na kukataa pengine pote. Geti halikuonekana. Njia ya kurudi nyumbani haikuonekana. Kulikuwa na mteremko wenye nyasi, uzio wa michongoma, na makaburi. Safu ya tatu, la pili kutoka mwisho, lilikuwa limekaa katikati kabisa ya tundu.

Kumbe miaka saba alikuwa akiupungia ukuta. Kwanza aliona aibu, kama mtu aliyegundua amezungumza peke yake mbele za watu. Kisha akamwona yule mwashi akiwa na umri mdogo kuliko Daktari, amebeba karai, anasimama kila siku mahali hapa, na jioni anarudi kwa mtoto anayehitaji kuambiwa kitu. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Shule inaonekana, Mama?" Daktari aliuliza kutoka chini.

"Hapana."

"Sasa linatazama nini?"

"Mama yangu," alisema. "Amezikwa pale."

Fundi aliyekuwa na chokaa kwenye karai alisubiri, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba ikikaa zaidi itaganda, aanze?

"Acha igande," Daktari alimwambia. "Tutachanganya nyingine."