Jiwe Nililoliweka Pakavu

Enzi zetu hatukuhitaji simu kuzijua nyenzo. Tuliziimba darasani mpaka vumbi likapanda: daraja la kwanza egemeo katikati, la pili mzigo katikati, la tatu jitihada katikati! Mwalimu alituonyesha mkasi, toroli na jembe, na aliyekosea alikwenda kupalilia bustani ya shule. Mimi Kulwa sikuwahi kwenda. Pacha wangu Doto, maskini, aliipalilia msimu mzima.

Sasa siku moja tulikuwa tunapeleka pamba Bukene kwa mkokoteni wa ng'ombe, sisi wawili na mama. Mvua ilikuwa imenyesha. Mkokoteni ukateleza, ukalalia ubavu kwenye korongo, na ekseli ikambana Doto mguu. Mama akawafungua ng'ombe haraka, maana kila walipojitikisa mtoto alipiga yowe. Mimi mjuaji nikaleta mti na jiwe. Jiwe nikaliweka karibu na mikono yangu, kwa sababu hapo palikuwa pakavu, nisingechafuka. Egemeo si lilikuwa katikati? Nikabonyeza, nikaning'inia. Mti ukapinda tu. Doto akaanza kunyamaza, na kule kunyamaza kulinitisha kuliko yowe.

"Jiwe lipeleke kwa mzigo, mwanangu," mama alisema. "Hapo linakusaidia nini?"

Mama hakuwahi kukalia dawati. Alikuwa aking'oa visiki shambani tangu usichana wake. Nikaingia topeni mpaka magotini, nikalisukuma jiwe karibu kabisa na ekseli, tukaulalia mti wote wawili. Mkokoteni ukanyanyuka shubiri moja. Doto akajivuta, akatoka.

Watoto wa siku hizi, jamani! Gari la mwanangu lilipokwama njia ya Igunga, alisimama kando ameinua mkono juu, anatafuta mtandao. Nilimcheka mpaka machozi. Kumbe mimi na yeye ni walewale.

Maana mama sasa hainuki mwenyewe kitandani, kule nyumbani Ng'ambo. Doto, anayechechemea kwa mguu uleule uliobanwa, ndiye anayemnyanyua asubuhi na jioni. Mimi niko Dodoma. Napiga simu, natoa maagizo, mshike hivi, mgeuze vile. Nikikata siwezi kutulia. Naingia, natoka, chai inapoa mezani. Jana mama aliniuliza, "Kulwa, uko wapi?" Nikamwambia niko kazini. Akanyamaza. Kunyamaza kwa namna ile nakujua.

Zamani mtu alikaa mbali na wazazi kwa kukosa barabara, na bado alifika, hata kwa miguu. Leo lami ipo, mabasi yapo, na mimi nimeliweka tena jiwe pakavu, karibu na mikono yangu. Naona aibu kulisema. Begi nimeshalifunga, na basi linaondoka alfajiri. Doto atamshika mama upande mmoja, mimi nitamshika upande wa pili.