Nguo za Sandukuni

Miaka ile kitambaa kilipatikana kwa foleni, na mara nyingi ukifika dirishani unaambiwa kimekwisha. Kwa hiyo mwanangu wa pili, wa kiume, alipozaliwa pale Mchafukoge, mama mkwe alifungua sanduku lake akatoa nguo za dada mtu, zimehifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende. Harufu yake inakukaba koo. Nikasema jamani, tuzifue kwanza, tuzianike.

"Dada yake hakuzivaa hizi hizi? Alikufa?" Kwake yeye, mtoto anayenuka sanduku ndiye mtoto wa watu. Nikamvika mtoto. Na mkwe utabishana nini?

Siku ya tatu macho ya mtoto yakawa manjano. Mama mkwe akasema muweke juani, itapita. Nikamweka, roho haijatulia. Alasiri nikafungua nepi: mkojo rangi ya chai ya rangi! Yarabi! Nilimnyakua nikatoka mbio kwenda hospitali, baba yake nyuma, kwa miguu, maana Jumapili mchana magari yalikuwa yamekatazwa barabarani kwa uhaba wa mafuta. Njia nzima nilikuwa namfinya alie. Halii.

Daktari aliinusa ile nguo kabla hata hajamgusa mtoto. "Mvueni. Zote."

Akatueleza kuwa kuna watoto wanazaliwa na damu isiyohimili dawa hiyo ya mende. Wakiivuta tu, damu inapasuka. Nikamwambia mbona dada yake hakupata hata mafua? "Tumbo moja, damu mbalimbali," akasema. "Hii mtoto huipata kwa mama, na wa kiume ndio huumia zaidi. Kwenu hakuna wavulana waliokufa wachanga, wa manjano hivi?"

Walikuwapo. Kaka zangu wawili. Sote tulikua tukiambiwa wameuawa na kijicho cha jirani.

Mwanangu aliongezwa damu ya baba yake. Usiku ule sikupepesa jicho. Akitulia namtikisa, akilia namshukuru Mungu. Alipoanza kunyonya kwa nguvu, mama yangu akaja kumwona, nami kwa furaha nikamsimulia yote, damu, dawa, sanduku, sikuacha neno.

Mama aliweka mkono juu ya mguu wa mtoto.

"Wale wangu niliwavika mwenyewe," akasema. "Nguo za sandukuni. Nilizikunjua kwa mikono hii."