Mstari Nilioukata Kwenye Mkataba wa Kompyuta

Jambo lenyewe liligharimu vipimo vya miguu ya watu mia sita na kumi na wawili, karakana moja, na jina zuri la mwanamke aitwaye Zuhura. Nilichookoa mimi ni shilingi elfu tatu kwa mwezi, kwa miezi kumi na minne. Hesabu hii nimeipiga mara mbili, kwa kalamu na kwa kikokotoo, nikitumai mara ya pili itatoka nafuu. Haikutoka.

Kazi yangu ilikuwa ununuzi. Siku ya kwanza niliripoti kiwandani Changamwe, palipokuwa pakishonwa magunia, nimevaa shati la kuazima. Mkuu wa stoo, ambaye sote tulimwita Bwana Stoo, hakuniuliza jina. Alinisukumia bunda la karatasi za ofisini akasema, "Hesabu."

Nikahesabu. "Mia tano, Bwana Stoo."

"Hesabu tena."

Mara ya pili zikatoka mia nne tisini na nane. Akacheka mpaka akakohoa. "Hizo mbili ndizo mshahara wako, kijana. Zikikupita, nakulipa kwa kazi gani?"

Kwake nilikaa miaka tisa, na yeye ndiye aliyenifunza kazi. Mnunuzi huomba bei kwa wauzaji watatu, huzilinganisha, kisha huandika hati ya ununuzi, ile karatasi inayomwambia muuzaji alete mali na atalipwa. Hayo yako vitabuni. Ya nje ya kitabu ni kwamba ukitajiwa bei, usijibu. Shika miwani, uifute. Watu wengi hawawezi kustahimili kimya, na watajipunguza wenyewe. Kwa miwani ile nimeokoa fedha nyingi kuliko nilizoinunulia.

Kutoka Changamwe nilikwenda Likoni, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tajiri wa pale alikuwa na ulimi. Siku moja alinikuta nabishania bei ya misumari robo kilo. "Swaleh," akasema, "wewe hata sanda utaomba upunguziwe, useme utaivaa mara moja tu." Nilimjibu kwamba hoja hiyo ni nzuri na nitaitumia. Tukacheka. Siku zile niliona nimesifiwa.

Kituo changu cha tatu na cha mwisho kilikuwa Kisauni, njia ya kwenda Utange, kwenye karakana ndogo ya viatu vya watu wenye miguu isiyolingana. Mguu mmoja mfupi, au wayo umepinda, au vidole havipo. Mafundi walikuwa sita, ofisini tulikuwa watatu: Meneja, mimi, na Zuhura. Wateja walitoka Kwale, Kilifi, wengine mbali kuliko huko, na wengi hawakuwa na nauli ya kuja mara mbili.

Sharti nieleze kazi ya kipimo, maana ndiyo kiini. Mteja akija, fundi huchora mguu wake kwenye karatasi ya kaki, kisha huandika pembeni urefu, mzunguko, kimo cha soli, na mahali panapouma. Mahali panapouma hapaonekani kwa macho, lazima mtu aseme. Kiatu huumbwa juu ya kalibu, mguu wa mbao. Kalibu zetu zilikuwa chache. Fundi alibandika vipande vya ngozi juu yake kufuata kipimo cha mtu, akashona, kisha akavibandua kwa ajili ya mtu mwingine. Kwa hiyo kipimo kikiwapo, mtu wa Lunga Lunga hupiga simu tu, na kiatu kipya hutumwa kwa basi. Kipimo kisipokuwapo, hatuna mguu wa mtu huyo.

Mchwa walipoingia kabatini wakala karatasi za vipimo za majina ya herufi tatu nzima, Meneja aliamua zilizobaki, na kila kipimo kipya, zipigwe picha na kuwekwa kwenye kompyuta, kisha karatasi zenyewe zichomwe mchwa wasirudi. Aliyeifanya kazi hiyo ni Zuhura. Alikuwa karani: kupokea simu, kuandika barua, kukaribisha wageni. Kwa kuwa aliwahi kusoma kompyuta miezi mitatu, basi printa ikikwama, "Zuhura!" Intaneti ikipotea, "Zuhura!" Kirusi kimeingia, "Zuhura, hebu ndoo uone." Hakuna aliyemwongezea hata senti kwa hayo. Namjua asiyemwongezea, ni mimi niliyekuwa nikipitia bajeti.

Alipojifungua mtoto wake wa pili, arobaini haijaisha, kompyuta ilizima. Niliipakata ndani ya tuktuk mpaka nyumbani kwao Bombolulu. Mama yake alinitazama mlangoni na lile jidude kifuani.

"Nawe umeleta zawadi ya mtoto, bwana?"

"Nimeleta kazi kidogo, mama."

"Kazi! Mzazi hata uji hajamaliza."

Zuhura aliitengeneza kwa mkono mmoja huku ananyonyesha. Alipomaliza akasema, bila hasira, "Ami Swaleh, mimi ni karani. Nikiugua, nikifa, hiki kitu hakuna akijuaye. Tafuteni watu wa nje ambao kazi yao ni hii."

Alikuwa na haki. Meneja akakubali, nikapewa kazi ya kutafuta. Nilimpata Charo, ambaye alikuwa na wenzake wawili katika chumba cha ghorofani huko Changamwe, wakihudumia maduka, zahanati na shule kwa mkataba wa mwezi. Alikuja akakaa siku nzima, akahesabu mashine zetu, akafuata waya moja moja mpaka chini ya meza. Kisha akaleta karatasi yenye mistari minne. Hitilafu itashughulikiwa ndani ya nusu siku. Kinga ya virusi. Kumbukumbu zote zitanakiliwa kila jioni na nakala kuwekwa mahali nje ya karakana. Na kila miezi mitatu nakala hiyo itafunguliwa, kuhakikisha inafunguka.

Nikashika miwani, nikaifuta.

Charo hakujipunguza. "Mzee Swaleh," akasema, "hata ukiifuta mpaka kioo kitoboke, bei ni hiyo. Nikipunguza bei nitapunguza kazi."

"Punguza kazi basi."

"Nitoe lipi?"

Nikapitisha kidole. Hitilafu, tunazo kila wiki. Virusi, tumeviona. Ule wa nakala ulinipa taabu, maana nilikuwa sijawahi kuona nakala ikifanya kazi yoyote. Nikaukata kwa kalamu ya bluu, na ule wa nne ukafa nao.

"Zuhura huweka kwenye flashi," nikasema.

Zuhura alikuwa meza ya pili, hatua nne kutoka kwangu. "Flashi ni yangu mwenyewe, Ami, na ni ndogo. Zile picha haziingii zote. Usinitegemee mimi kwa hilo."

"Nitakununulia kubwa."

"Lini?"

"Inshallah."

Charo akaenda kuchapa mkataba safi wenye mistari miwili. Meneja aliusoma huo, akatia sahihi, akanipongeza kwa bei. Karatasi yenye mkato wa bluu ilibaki kwenye droo yangu. Flashi kubwa sikununua. Kila mwezi niliona kuna jambo la haraka zaidi, na kila mwezi nilikuwa na sababu mpya.

Nasema haki, mkataba ulitufaa. Kwa miezi kumi na minne Zuhura alifanya ukarani wake tu. Charo akiwa hayuko, alikuja mwenzake. Tatizo lililotuchosha sisi wiki nzima, wao walikuwa wameliona kwa wateja wengine watano. Ninyi wenye biashara ndogo, mnaodhani fundi wa nje ni anasa ya makampuni makubwa, fanyeni hesabu hii: kampuni kubwa ikipoteza mtu mmoja ina wengine. Ninyi mkimbebesha yote mmoja, mmeweka duka zima juu ya afya yake. Mkodini wa nje. Bishaneni bei ya kila kitu, mimi siwezi kuwakataza, ila msikate jambo kwa sababu hamjaliona likifanya kazi. Muulizeni fundi, siku nikililia hili, nitakuwa nalilia nini? Mimi sikumuuliza.

Mvua za masika zikaja. Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta yenye kumbukumbu zote ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Charo alifika kabla ya saa kuisha, mapema kuliko mkataba ulivyotaka. Akaifungua, akatoa diski, akaipeleka Changamwe, kesho yake akairudisha imefungwa kwa gazeti. "Imekufa," akasema. Flashi ya Zuhura ilikuwa na barua na orodha ya majina. Majina mia sita na kumi na mawili, bila miguu.

Meneja alituita ofisini kwake, mimi, Zuhura na Charo. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikaa ameweka mikono juu ya ile orodha.

"Nataka kujua jambo moja," akasema. "Kunakili kulikuwa jukumu la nani?"

"Mkataba wangu hauna kifungu hicho, Meneja," akasema Charo. Akanitazama. Mimi ndiye niliyepitisha malipo yake kila mwezi, akaniachia niseme mwenyewe.

Nikasema, "Flashi huwa kwa Zuhura."

Ni maneno manne, na hakuna hata moja la uongo.

Zuhura akanigeukia. "Ami, sema."

Nilikuwa na faili mapajani. Nikaanza kupanga karatasi, zisipishane kona.

"Ami Swaleh, sema basi."

Meneja alingoja. Nami, niliyeishi mjini kwa kimya cha kuwakomoa wauzaji, nilikitumia kimya kile kile mpaka kikamshinda binti wa watu. Akainuka, akasema, "Haya, Meneja," akatoka.

Getini Charo alinishika mkono. "Mzee, mstari uliukata wewe."

"Najua."

"Kaseme."

"Kesho."

Kesho yake barua ilikuwa imeshachapwa. Ilisema Zuhura ameachishwa kazi kwa uzembe uliosababisha hasara, na ilikuwa na muhuri. Niliusikia ule muhuri ukigonga, nikiwa mezani kwangu.

Tuliwapigia wateja simu waje wapimwe upya. Walioweza walikuja. Mama mmoja wa Kinango alituuliza, mwanawe atakujaje kupimwa kama kiatu cha kumleta ndicho hicho tunachotaka kumpimia. Mafundi walipungua kutoka sita hadi wawili, na mwaka wa pili Meneja akafunga mlango. Ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na chai ya kuagana, tulirudisha funguo tu.

Meneja alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Alikufa akijua kwamba Zuhura alizembea. Mazikoni nilisimama safu ya mbele.

Baada ya hapo sikuweza tena. Nikauliza uliza, nikaambiwa Zuhura amehamia Likoni, anachapia watu barua katika kibanda cha fotokopi, analipwa kwa ukurasa. Nikavuka kwa feri. Aliponiona aliinuka kwenye kigoda.

"Shikamoo, Ami."

Heri angenitukana. Nilimweleza yote pale pale, wateja wakisubiri na vitambulisho vyao mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, Ami. Si nilikuwapo ulipokata?"

"Sasa mbona hukusema wewe?"

"Ningesema mimi, ningekuwa najitetea. Ungesema wewe, ungekuwa ushahidi."

Nikatoa bahasha. Niliweka ndani elfu arubaini na mbili, zile zile nilizookoa, na juu yake nyingine kama hizo. Hakuifungua. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Zahanati iliyoko karibu na nyumbani yataka karani," akasema. "Ni ofisi ya nne hii. Wote huniuliza mbona uliachishwa, nami nikiwaeleza huajiri mwingine. Sitaki pesa zako. Niandikie barua, useme ulivyofanya, utie sahihi. Ile ya kunifukuza ninayo. Ya kuijibu ndiyo sina."

Nimeshaiandika mara tatu. Nimetaja mkataba, nimetaja kalamu ya bluu, nimeambatisha ile karatasi ya droo, maana kuitupa sikuthubutu. Lakini barua ya kumfukuza ina muhuri wa karakana na sahihi ya Meneja, na yangu ni ya mzee asiye na ofisi, anayeituhumu nafsi yake baada ya Meneja kufa na karakana kufungwa. Nikiipeleka zahanati mwenyewe, watasema mimi ni jamaa yake. Nikienda kwa wakili anishuhudie kiapo, sijui kama mkuu wa zahanati ataisoma karatasi ya kiapo au itamtisha zaidi. Charo amekubali kutia sahihi chini ya yangu, ila anasema tuulize kwanza wanaojua.

Basi nawauliza ninyi mnaoajiri, mnaokaa upande wa pili wa meza watu wanapoleta vyeti vyao. Barua ya kumsafisha mtu, ikiwa aliyemfukuza yuko kaburini na ofisi yenyewe imefungwa, huandikiwa nani? Na ikija mbele yenu, bila muhuri, mtaikubali? Zahanati inapokea maombi mpaka Ijumaa.