Valvu Iliyowaka Baridi

Atakayecheka acheke. Mimi mtu wa sala tano, kutunga sijui, na haya yalinifika ndani ya nyumba yangu hapa Mji Mkongwe, mwanangu Rukia shahidi.

Rukia anasoma kasida. Madrasa walitaka aongoze kwenye maulidi, lakini ustadhi akasema kwanza apeleke sauti iliyorekodiwa. Roho ya mtoto yote ikawa hapo. Mashine nlikuwa nayo, ya bei rahisi: kisanduku cha kukuzia sauti ya maiki, ndani kina valvu, kile kitaa cha kioo kama cha redio za zamani. Ila kilikuwa kinavuma, shhh, kama maandazi kwenye mafuta.

"Mama, hapa nnasoma kasida au nnakaanga samaki?" Rukia akanicheka.

Ufundi nimeusoma darasa la jioni, ukubwani. Nkachomoa umeme, nkangoja, maana kapasita hubaki na umeme ndani na hukurusha hata waya ushatoka ukutani. Nkatoa kapasita dhaifu, nkatia nzuri, nkachomea upya kwa risasi ya kuyeyusha. Mvumo ukapungua, haukwisha. Ikabaki valvu yenyewe, na madukani hamna.

Alasiri nkakaa barazani, kisanduku mapajani. Akaja bibi mmoja, buibui la zamani, anafuka udi.

"Shikamoo, Bi."

Hakuitika marahaba. Hebu niambie, mtu mzima gani wa Unguja asiyeitika shikamoo? Nkadhani hasikii vizuri.

"Nani atasoma?"

"Mwanangu, Rukia."

"Rukia," akalirudia jina polepole, kama anaonja mchuzi. Akafungua pindo, akatoa valvu. "Hii haivumi. Chukua."

"Nikupe nini, Bi?"

"Nnataka kumsikia tu."

Nkaigeuza ile valvu kuiangalia. Nlipoinua macho, kichochoro kitupu. Vichochoro vyetu vina kona nyingi, nkajipa moyo.

Tuliposhasali Magharibi nkaipachika. Ikawaka nyekundu kama kaa la moto. Nkaigusa ubavuni: baridi, kama mtungi wa maji. Mwenzangu, valvu ikiwaka inaunguza vidole! Ningezima pale pale. Lakini ule ukimya! Mvumo wote umekwenda. Kwenye hedfoni nlimsikia Rukia, kakaa mbele ya maiki, akimeza mate.

Nkamvisha yeye hedfoni asome. Hajafungua kinywa, nkamwona anageuza shingo, uso umechangamka.

"Naam, Bi," akaitika.

"Unamwitikia nani?"

"Si kuna bibi kaniita?"

Nkauchomoa waya. Kitaa kikaendelea kuwaka. Utasema ni umeme uliobaki kwenye kapasita? Huo haukai mpaka Isha. Nkasoma Ayatul Kursiy, nkarudia na kurudia, ndipo kikafifia. Asubuhi nkafungua kisanduku: pale penye valvu, patupu.

Rukia mzima, alhamdulillahi. Anakula, anagombana na mimi, na ukikaa naye akakusomea utatoa machozi. Lakini mbele ya maiki sauti yake haiingii. Nimejaribu simu, nimejaribu spika za madrasa, nimeazima maiki ya watu. Kunguru wanaingia, dufu zinaingia, hata pumzi yake inaingia. Sauti, hakuna. Maulidi akaongoza mwenzake, wangu akakaa nyuma akiitikia na wengine. Ashasomewa Kurani, na bado anasomewa. Mungu hashindwi.

Valvu yangu ya mwanzo nimeirudisha, pamoja na shhh yake. Na wewe unayetengeneza vyombo hivi, nnakuusia: mvumo kidogo haudhuru, uache. Na ukimwamkia mtu asiitike, jina la mwanao usimpe.

Mimi ndiye niliyemfunza Rukia tangu mdogo, ukiitwa, haraka, "naam". Sasa nimemfunza vingine. Jana nlimwita kutoka jikoni. Kimya. Nkasikia miguu yake inakuja mpaka mlangoni. Akasimama, akanitazama uso wote, mimi mamake.

Ndipo akaitika.