Habari Waliyompa Anselmo

Anselmo alikuwa mtu mfupi, mwenye kovu lililoukunja mkono wake wa kushoto tangu siku sufuria ya kachupa, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, ilipommwagikia, bahari ilipochafuka karibu na kisiwa cha Fogo. Siku hiyo mabaharia walicheka kwanza, ndipo wakamvua shati lililokuwa likimuunguza. Ndivyo walivyokuwa. Flor da Furna ilikuwa merikebu ya milingoti miwili, mali ya nahodha Nhô Teodoro, ingawa sisi watu wa Furna, bandari ya kisiwa cha Brava, tuliiita yetu. Ilibeba chumvi, kahawa, mbuzi na abiria kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mle ndani hamkuwa na redio wala mahali pa kunyoosha miguu, na baharia aliyekosa wa kumcheka alijiona kama hajala.

Wa kuchekwa alikuwa mpishi. Jiko lake lilikuwa kibanda cha mbao kilichofungwa kwa minyororo kwenye sitaha, hakizidi kabati. Alipika amepiga magoti, mbuzi wakimlamba mgongo kwa ajili ya chumvi ya jasho, na upepo ukigeuka moshi wote ulimrudia machoni. Abiria walilala chini ya turubai, wakitapika. Mabaharia walilala juu ya magunia kwa zamu, nguo zikiwakaukia mwilini.

"Anselmo," walimwambia, "mkeo mrefu vile, ukitaka kumbusu unapanda wapi?"

"Napanda juu ya pipa lenu la maji," alijibu, na kucheka pamoja nao.

Alipenda kutajiwa mkewe Bibiana, hata kwa kejeli. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, na hakuna aliyejua kwa nini alimchagua mtu yule. Walikaa muda mrefu bila mtoto. Mwaka ule Bibiana alikuwa mjamzito, tumbo limeshakua, na Anselmo alinunua kitambaa cheupe cha kumfungia mtoto, akakificha jikoni ndani ya kopo la biskuti kisishike moshi. Kila mtu merikebuni alijua kilipo.

Walipokuwa wametia nanga katika bandari ya Praia, Hilário alirudi kutoka bandarini na uso mzito. Hilário alikuwa hodari wa kupanda mlingoti, na mdomo wake ulikuwa hodari zaidi. Hakuwa na ugomvi wowote na Anselmo. Alikula chakula chake na kukisifu.

"Mpishi, weka mwiko chini," alisema.

"Maharagwe yataungua."

"Yaache yaungue. Nimeonana na mtu wa kwetu, ameshuka jana kutoka Brava. Bibiana amefariki, ndugu yangu. Uchungu ulimjia kabla ya wakati. Na mtoto naye. Wameshazikwa."

Mwenzake Crisanto, aliyejua mchezo wote, alikuwa amegeukia baharini akiuma ukosi wa shati asicheke. Walitazamia mpishi apige yowe na kujitupa chini, kama watu wa kwetu wanavyofanya wakifiwa. Wangemwacha alie kidogo, kisha wamwambie ukweli, kisha wote wanywe.

Anselmo hakulia. Aliuliza, "Nani aliwavisha?"

Hilário hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Majirani," alisema.

"Asante kwa kuja kuniambia wewe mwenyewe." Akaushika mwiko tena na kukoroga maharagwe.

Shukrani ile iliuharibu mchezo. Hilário alibaki amesimama, hajui acheke au aondoke, na kabla hajapata neno Nhô Teodoro alipiga kelele nanga ing'olewe. Kutoka Praia kwenda bandari ya Mindelo ni kupigana na upepo wa kaskazini njia nzima. Walivuta kamba, walikaza matanga, walipiga pampu mpaka viganja vikachubuka.

"Mwambie sasa," Crisanto alimnong'oneza mwenzake pale kwenye pampu.

"Mwambie wewe."

"Aliyeanza ni wewe."

"Nikimwambia sasa atanipasua kichwa. Ngoja tufike Mindelo, tumnyweshe kwanza."

Nahodha alipata habari. Alicheka kwa pua, kisha akafikiri kidogo. "Mwacheni hivyo hivyo," alisema. "Mkimwambia leo atakasirika agome kupika, na mimi nina abiria. Tukitia nanga, mjuane wenyewe."

Anselmo alipika safari nzima bila kukosea chumvi. Jioni moja mama mmoja abiria alikuwa ametapika mpaka kidevu na kifua vimelowa. Anselmo alifungua kopo la biskuti, akatoa kile kitambaa cheupe, akampa ajifute. Mama yule alipomaliza alikitupa baharini. Hilário alikuwa hatua chache tu kutoka pale, ameshika kamba. Aliona yote, akatazama juu kwenye tanga.

Mindelo walishuka na mashua ya kwanza, Hilário na Crisanto, kwenda kununua pombe ya miwa ya kumnywesha Anselmo kabla ya kumwambia ukweli. Mchango ulikuwa wa merikebu nzima. Walikutana na wasichana waliowafahamu, wakakawia. Waliporudi na chupa, jiko lilikuwa baridi na sufuria zimeoshwa, zimefunikwa kifudifudi.

"Mpishi wenu ameshakwenda," mzee mlinzi wa gati aliwaambia waliporudi nchi kavu kumtafuta. "Ile meli ya Wanorwe ilikuwa inatafuta mtu wa jikoni. Ameuliza inakwenda wapi, wakamwambia mbali. Akapanda."

Aliwaonyesha moshi nje ya ghuba. Walikaa pale gatini wakainywa ile chupa, maana ilikuwa imeshanunuliwa.

Bibiana aliteremka pwani siku merikebu ilipoingia Furna, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele. Nhô Teodoro alijifanya ana shughuli na watu wa forodha. Ikabidi Hilário aseme.

"Shemeji, mumeo ameshukia Mindelo."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amepata meli ya Wazungu." Bibiana alikuwa bado anamtazama, anangoja, na Hilário aliona maswali mengine yanakuja. "Na kuna mwanamke," akaongeza. "Tulimsihi sana."

"Hakuniachia neno?"

"Alisema usimngoje."

Nyuma yake Crisanto alitoa kicheko, kile cha mtu aliyeshikwa na woga, lakini Bibiana alikisikia kama kicheko tu. Aligeuka akapanda mlima polepole, akisimama kila kona kuvuta pumzi. Sote tulimwona.

Alizaa mtoto wa kike, akamwita Eulália. Mvua haikunyesha mwaka ule, mahindi yalikauka yakiwa ya kimo cha goti. Wenye waume Amerika walikula vilivyotumwa kutoka huko. Bibiana aliuza kitanda, akauza mlango, na meli ya kuchukua vibarua wa mashamba ya kakao ilipopita, alipanda kwenda São Tomé na mtoto mgongoni.

Anselmo alipata ukweli Rotterdam, miaka mitatu baadaye, akimenya viazi. Mtu wa Brava alikuwa ameajiriwa meli ile ile, wakawa wanaulizana habari za nyumbani.

"Mkeo bado yuko São Tomé?" mtu yule alimuuliza.

"Mke wangu alikufa."

"Alikufa lini? Mimi nilimwona kwa macho yangu akipanda meli. Basi maiti yake ilikuwa imebeba mtoto."

Alirudi Brava. Nyumba ilikuwa imeanguka paa, na mbuzi wa watu walilala ndani. Majirani walimweleza yote, maana Hilário alikuwa ameshayatapika siku moja akiwa amelewa. Tulidhani ataua mtu. Wengine, sitaficha, walisimama njiani kungojea. Anselmo alikwenda moja kwa moja kwa Nhô Teodoro akaomba jiko lake.

"Huyu niliyenaye anatupikia matope," nahodha alisema. "Tunaondoka kesho."

Siku ya kwanza safarini, Anselmo alimpakulia Hilário kabla ya wote. Alimpa kipande kizuri cha nguruwe, akamkabidhi bakuli kwa mikono miwili.

"Kula, ndugu yangu. Umekonda."

Hilário alilitazama lile bakuli mpaka likapoa, akamtupia mbuzi. Mbuzi alikula akaendelea kuishi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Hilário akawa anakula biskuti kavu na samaki aliyemvua kwa mkono wake mwenyewe, na usiku alilala macho wazi. Mabaharia walikuwa wamepata burudani mpya.

"Hilário, leo anakupenda zaidi. Kaongeza soseji."

"Mwacheni, anafunga Kwaresima."

Alikonda kweli, asiweze tena kupanda mlingoti. Walipofika kisiwa cha Sal aliomba ashuke, akabaki kule akibeba chumvi. Crisanto alimuuliza Anselmo kama alikuwa anatia kitu mle ndani.

"Nilimpikia kama nilivyowapikia ninyi," alijibu. Na ilikuwa kweli.

Bibiana alimaliza mkataba wake akarudi, ila hakufika Brava. Aliishia Praia, akiuza samaki wa kukaanga karibu na gati. Anselmo, akiwa amebeba maji ya merikebu, alimwona, akaweka ndoo chini.

"Bibiana."

"Naona wamekurudishia jiko lako."

"Walinidanganya. Waliniambia umekufa."

"Najua. Nilisikia huko huko São Tomé."

"Mtoto yuko wapi?"

"Homa. Mwaka wa pili." Aligeuza samaki kwenye mafuta. "Mtu akifiwa huenda nyumbani, Anselmo. Wewe hata kaburi langu hukuja kulitazama."

"Niliogopa."

"Mimi sikupata nafasi ya kuogopa."

Alimwomba warudi Furna, angeezeka paa, angenunua mlango. Bibiana alimtazama bila chuki, kama anavyotazamwa abiria anayeuliza merikebu isiyokuwepo, kisha akamwambia asogee, anawazibia wateja. Kila Flor da Furna ilipotia nanga Praia, Anselmo alimpelekea bakuli la kachupa. Bibiana alilipokea, akawapa wachukuzi chakula Anselmo akiona, akamrudishia bakuli limeoshwa. Mwishowe aliolewa na fundi wa mawe, na Anselmo akaacha kushuka Praia.

Moshi ulimharibu macho. Alipoanza kutia chumvi mara mbili, Nhô Teodoro alimshusha Furna. Akikaa kwenye ukuta wa pwani, watoto walimzunguka.

"Mjane," walimwita, "mkeo amefufuka."

Aligeuza uso upande sauti ilikotoka, akaitika.