Swafiya wa Biryogo na baba anayerudi kila Jumapili

Saa nane mchana, Jumapili, mtaa wa Biryogo. Swafiya anaifunika cherehani yake kwa kanga, anavuka uchochoro na kuingia katika chumba cha video cha Cassien. Anakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, pembeni ya televisheni, na kusema bismillahi. Watoto wamejaa mikekani, mama zao kwenye mabenchi.

Picha inawaka. Bata bukini mkubwa anaingia kanisani nyuma ya familia moja ya Wazungu.

"Nani amemleta huyu?" Swafiya anauliza kwa sauti nzito ya baba.

"Si mimi," anajibu kwa sauti ya mama. "Amekuja mwenyewe. Naye ana dhambi zake."

Chumba kizima kinacheka.

Filamu hiyo imetokana na vitabu vya watoto, ambavyo picha zake zimo kwenye jalada la kaseti. Lugha yake hakuna hapa anayeijua, hivyo Swafiya huwatungia wahusika maneno yao.

"Mbele nilikuwa naonyesha filamu za ngumi tu," anasema Cassien. "Wamama wakasema naharibu watoto. Hii ya bata ikakuja. Nikajaribu kusema kimama, watoto wakanizomea: 'Mama gani iko na ndevu!' Nikaenda kumuomba dada Swafiya."

Swafiya ana miaka thelathini na minne na watoto watatu. Gauni moja humpatia faranga mia nne, na wiki mbaya hupata gauni moja tu. Cassien humwongezea mia mbili kila Jumapili.

"Zinanunua maharage," anasema. "Lakini hata bila hizo ningekuja."

Sababu yake mtaa mzima unaijua. Mumewe, Ismaël, dereva wa lori, alipeleka mzigo Kampala Septemba 1990. Mwezi uliofuata vita vikaanza, mpaka ukafungwa. Huu ni mwaka wa pili. Salamu imefika mara moja tu, kupitia Tanzania: yu mzima.

Katika filamu pia baba anaondoka. Anagombana na mkewe kwa sababu ya bata, anapanda treni. Familia inamfuata, na hapo kaseti ya zamani ilikuwa imetafunwa na mashine. Zilibaki chenga tupu kwenye kioo cha televisheni.

Swafiya hakunyamaza. Watoto walizitazama chenga zile kama mtu anayetazama mvua mlangoni, naye akawasimulia hadi wakamwona baba akirudi: leo kwa baiskeli, Jumapili nyingine kwa mtumbwi, mara moja amempakata bata kama mtoto mchanga. Kila mara mama alimpokea kwa hotuba ndefu.

"Hotuba zile zilikuwa za kumwambia Ismaël," anasema akicheka.

Wiki hii Cassien amepata kaseti nzima kutoka Bujumbura.

"Umeiangalia hadi mwisho?" Swafiya alimuuliza.

"Hapana, dada. Niliogopa."

"Na kama harudi? Wanangu watakuwa pale mkekani."

Aliswali, akamwachia Mungu.

Sasa treni inafika. Hakuna chenga. Familia inateremka, inatafuta, inarudi nyumbani bila baba. Mama anapanga sahani mezani. Watoto wanaacha kutafuna karanga.

Kisha bata analia mlangoni. Baba anaingia, kofia mkononi, anakaa mahali pake. Mama anasimama, sahani mkononi, anasema neno moja fupi.

"Umekula?" anasema Swafiya, polepole.

Hakuna anayecheka. Halafu mwanawe mdogo anapaza sauti: "Mama, mbona leo husemi mengi?" Hapo mabenchi yote yanacheka, na kanga nyingi zinapanda machoni.

Watu wakiisha kutoka, Cassien anamfuata. "Dada, umejuaje kama alisema vile?"

"Mwanamke ameshika sahani, Cassien. Angesema nini kingine?"

Jioni yuko tena kwenye cherehani. Anasema vitabu vya kwenye jalada ni vingi. Basi baada ya sahani ile maisha yaliendelea, na siku moja atatafuta mtu wa kumsomea.

Juu ya meza kuna shati la bluu la Ismaël, alilolikata Ramadhani iliyopita. Pande za mbavuni hazijashonwa, maana hajui kama mwenyewe amekonda.

"Akirudi, inshallah, hotuba zote nitaziacha," anasema. "Nitamuuliza lile moja tu. Akishashiba, ndipo nichukue vipimo."