Samaki Mbele ya Jeneza

Wanawake wa soko la Kikula, mjini Likasi, wanamjua Marceline kwa mambo mawili: samaki wake hawana mchanga, na yeye hasahau. Kila Jumanne hupanda gari la kwanza kwenda ziwa Tshangalele na kuchagua samaki wa moshi mmoja mmoja huku akiwanusa nyuma ya kichwa. Mvuvi aliyemuuzia wabovu miaka tisa iliyopita hajapata salamu yake mpaka leo.

Mama yao alipokufa, ni yeye aliyemlea mdogo wake Ruphin. Alimnyoa, akamsomesha, akamtolea miiba ya samaki sahanini mpaka kijana akaona aibu mbele ya wenzake. Ruphin akawa mchimbaji katika shimo moja la madini nje ya mji. Mvua za Februari zilipolegeza ukuta wa shimo, wachimbaji walikataa kushuka. Georges, msimamizi wao, akawaambia kwamba asiyeshuka leo kesho asirudi. Wakashuka, na ukuta ukawafunika.

Georges alitangaza kuwa wamekufa watatu, na kwamba waliingia kwa wizi. Marceline alikuwa pale blanketi zilipotandazwa juu ya maiti, na blanketi zilikuwa saba. Siku ya kilio Georges alifika na gunia la unga. "Pole, mama," alisema kwa ile sauti yake nzito. "Mungu njo anajua, ni yeye tu."

Nyuma ya soko kuna studio ya Bertin, mpiga picha za harusi na vilio. Bertin alitaka, kwa mara moja maishani, kutengeneza filamu ya kweli. Miezi miwili alikaa kwenye kigoda cha Marceline, akiandika kila neno alilosimulia juu ya lile shimo. Marceline akampa hata buti za Ruphin ili mwigizaji azivae. Filamu ikamalizika, matangazo yakabandikwa kwenye ukumbi wa parokia. Siku tatu kabla ya kuonyeshwa, Bertin aliyabandua kwa mikono yake mwenyewe.

"Balinitumia sauti ku telefone," alisema, akamsikilizisha.

*Ile filamu ikionekana, studio itaungua, na weye mule ndani.*

Marceline aliomba airudie. Kisha akasema, "Ni Georges."

"Minye mwenyewe sijue ni nani."

"Unajua."

"Mama Marceline, niko na batoto bane. Mashini zangu njo hizi tu. Filamu itangoja."

"Ruphin pia eko anangoja. Rudisha buti zake."

Alimfikiria Bertin muda mrefu. Hakumwona mtu mbaya. Hofu ya mtu mwenye watoto aliielewa, na asingependa kuona paa la mtu likiwaka. Lakini hakuna aliyewasha kiberiti. Georges alitamka sentensi moja, na kazi yote iliyobaki akafanyiwa na Bertin. Sasa kila mwenye lake la kuficha pale Likasi alijua kwamba kuifuta filamu ya mtu kunahitaji nusu dakika ya sauti. Ndipo Marceline akaanza kuikausha hasira yake kama anavyokausha samaki, bila miali ya moto, kwa moshi mdogo, akiigeuza kila siku isiungue.

Aliigeuza miezi kumi na minne. Kisha Mama Élise, mama yake Georges, akafariki.

Georges ni wa ukoo wa Mamba. Katika kilio cha Mamba, watani wao ni watu wa ukoo wa Samaki, wale ambao huku tunawaita banungwe, na mmoja wao munungwe. Wao hupika na kuosha vyombo, na wana ruhusa ya kumcheka marehemu, kuwatukana wafiwa, hata kuzuia jeneza mpaka wapewe wanachotaka. Mfiwa anayekasirika huaibisha ukoo mzima. Mzee Ambroise, kaka wa marehemu, hakutaka dada yake azikwe bila kuchekwa, akatuma watu sokoni kuita Samaki. Georges alimjua Marceline kama dada wa mchimbaji. Ukoo wake, Samaki, hakuwahi kuuliza.

Asubuhi ya maziko uwanja ulijaa. Familia ilikuwa imemkodi Bertin, naye alisimamisha kamera yake mbele kabisa, ndugu wa Lubumbashi na Ndola wakifuatilia moja kwa moja kwenye simu zao. Jeneza lilipotoka, Marceline alikuja amevaa buti za Ruphin, taa ya mchimbaji kwenye paji la uso, sepeto begani. Watu walianza kucheka kabla hajasema neno. Akaketi chini, katikati ya njia.

"Bamamba," alisema, "leo samaki njo anauma."

"Uma, mama!"

"Mama Élise, ulikuwa unanusa samaki zangu kama vile ni minye nilioza." Hata Georges alitabasamu. "Lakini mutoto wako haina pua. Ukuta ilinuka mvua, yeye hakusikia."

Kicheko kikapungua. Marceline akainua uso wenye taa, kama mchimbaji anayemwita bosi wake. "Patron, minye njo Ruphin. Ukuta inalia." Kisha kwa sauti nzito ambayo kila mtu aliitambua: "Asiyeshuka leo, kesho asirudi." Akaicheza filamu yote, kuanzia blanketi hadi gunia la unga, akaongeza na ile sauti ya simu, neno kwa neno. Bertin alikuwa ameinama nyuma ya kamera.

Georges alisimama. "Inatosha. Mutoshe huyu mama mu njia."

Mzee Ambroise akamvuta koti. "Kaa. Ni munungwe."

"Mjomba, ananitukana."

"Njo kazi yake. Cheka. Batu banatuangalia."

Georges akacheka, meno tu. Marceline alimngoja amalize.

"Munungwe," mzee aliuliza, "unataka nini tupite? Kuku? Kitenge?"

"Hapana. Georges aniambie, mule mu shimo balikuwa bangapi."

Wabebaji walibadilisha bega. Georges aliliangalia jeneza la mama yake.

"Batatu."

"Basi tutalala hapa na Mama Élise." Akajinyoosha chini, buti zikielekea jeneza.

"Patron," mbebaji mmoja alinong'ona, "ni muzito."

"Saba," alisema Georges.

"Kamera haikusikia."

"Saba."

"Nani alibashusha?"

Mzee Ambroise hakumvuta tena koti. Hakuna aliyecheka.

"Ni minye."

Marceline aliinuka, akajipangusa vumbi. Alipopita karibu na kamera aliona taa yake nyekundu bado inawaka.

"Na hii, Bertin, utaiondoa?"

Bertin alitazama kioo cha kamera. Pale majina ya ndugu wa Georges yalikuwa yakipanda haraka, wote wakiuliza hao saba ni akina nani.

Waombolezaji waliporudi kutoka makaburini walikuta chakula tayari, kwa kuwa munungwe lazima apike. Marceline aliwagawia wote vizuri. Georges alipofikiwa, alimchagulia kipande cha mkia wa samaki, chenye miiba mingi, akasimama mbele yake kumwangalia anavyokula.